Hedifoni za Kumsikia Ngusa

Mimi na watu wapole hatuivi chungu kimoja. Mtu mpole unamuuliza chai yake uweke sukari au usiweke, anakujibu, "Vyovyote tu, dada." Sasa vyovyote ni vijiko vingapi? Yudita Makoye alikuwa mpole wa namna hiyo, na tangu siku nilipompangisha chumba cha uani kwangu, mtaa wa Sogea hapa Tunduma, alinipandisha presha. Kodi alilipa kabla sijadai. Uwanja aliufagia wote, mpaka mlangoni kwa wapangaji wengine. Ukimkanyaga mguu, yeye ndiye anayekuomba radhi.

Ilikuwa mwaka 2012, mvua zinaelekea ukingoni. Alikuja na mfuko wa mchele na baba yake. Mchele aliutua mlangoni. Akamshika baba yake mkono, akamwingiza taratibu, akamketisha kitandani, ndipo akarudi kunisalimia.

"Shikamoo, Mama Amri."

"Marahaba. Mzee hajambo?"

"Hajambo. Hasikii tu."

Nikasogea mlangoni nikamwamkia mzee kwa sauti ya kupigia debe: "Shikamoo, baba!" Mzee Makoye akaniangalia midomo, akafikiri kidogo, akajibu, "Ndiyo, mama, mpunga mwaka huu si haba." Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Yudita alitabasamu kwa adabu, akainama kufungua mfuko, akanipimia mchele ambao sikuuomba.

Walitoka huko chini bonde la Momba, kwenye joto, ambako Wasukuma wengi walihamia na ng'ombe wao miaka ya tisini wakafungua mashamba ya mpunga. Yudita aliingia huko akiwa msichana. Akaolewa, akafiwa na mume, akarudi kwa baba yake. Mama yake akaugua, akamuuguza mpaka mwisho. Baba akaanza kupoteza masikio, akawa yeye ndiye masikio yake. Ukimuuliza Yudita anapenda nini, anakutazama kama umemuuliza habari za nchi nyingine. Kitu pekee cha maana alichokuwa nacho ni simu ya Kichina ya laini mbili, na hiyo nayo alinunuliwa na bintiye Scola, aliyeolewa kule Igamba.

Na simu hiyo ndiyo iliyowaleta Tunduma.

Yudita ana kaka mmoja, Ngusa, mtoto wa kwanza wa mzee. Zamani, katika ujana wake, Ngusa aliswaga nusu ya ng'ombe wa baba mpaka mnadani, akauza bila kumwambia mtu, akavuka mpaka kwenda kutafuta maisha Zambia. Alirudi mara moja kuomba msamaha, mkono mmoja mbele mwingine nyuma. Mzee alimsimamisha uwanjani mbele ya majirani akamwambia, "Ngusa, sitaki kusikia sauti yako tena mpaka naingia kaburini." Ngusa akageuka akaondoka. Haukupita muda mrefu, masikio ya mzee yakaanza kutoa usaha, na sauti za watu zikaanza kumkimbia moja baada ya nyingine.

"Mungu alinisikia haraka mno," mzee alikuwa akiniambia. "Nilimtaja mtu mmoja, Yeye akafunga wote."

Sasa Ngusa alikuwa hospitali huko Kitwe, mapafu yameharibika. Alifanya kazi migodini, vumbi limemkaa kifuani, hata kupanda kitanda ilikuwa shughuli. Kila Jumapili baada ya saa za kuona wagonjwa alikuwa akipiga simu kwa laini ya Zambia. Laini hiyo hapa mpakani inashika vizuri, lakini kule bondeni haishiki kabisa. Ndiyo maana Yudita alimleta mzee mpaka kwangu: awe mahali ambapo mwanawe anaweza kumpata. Ngusa alitaka jambo moja, kumwomba baba yake msamaha kabla hajafa. Na mzee, sasa amezeeka, amelainika, alitaka kumpa.

Ungedhani jambo limekwisha hapo. Yudita si yupo? Asikilize huku, aseme kule. Hilo nililisema mimi mwenyewe, tena kwa kufoka. Mzee alipoelewa ninachosema alitikisa kichwa.

"Mama Amri, maneno ya Ngusa nayataka kwa Ngusa. Yudita akiniambia, nitakuwa nimemsamehe Yudita. Na Yudita hajanikosea kitu."

"Lakini baba husikii!"

"Ndiyo hapo sasa," akasema mzee.

Walijaribu kumwekea spika ya simu. Alisikia mvumo tu, kama mashine ya kusaga iliyo mbali. Walijaribu kumgandamizia simu sikioni mpaka akaumia. Kila Jumapili Ngusa alikuwa akiita "Baba, baba," huku Yudita amekaa katikati ya watu wawili wanaotafutana, na hana la kufanya. Nilikuwa nikimsikia kupitia dirishani akimwambia kaka yake, "Hajasikia, kaka. Vumilia." Roho ilikuwa inaniuma, na mimi roho ikiniuma huwa nagombana na sufuria.

Tumaini lilipatikana Mbeya. Yudita alimpeleka baba yake hospitali kupimwa, na nesi akamvalisha mzee hedifoni kubwa, zile za kufunika sikio zima. Akabonyeza kitu. Mara uso wote wa mzee ukafunguka.

"Kuna kandege," akasema. "Kuna kandege kanalia humu!"

Yudita alinisimulia habari ya ndege huyo zaidi ya mara kumi, na kila mara alilia mahali pale pale. Nesi alimweleza kwamba masikio ya mzee yana vidonda, asichomekwe kitu chochote ndani, lakini hayajafa. Sauti ikisogezwa karibu na kelele za nje zikizibwa, atasikia. Mashine yenyewe ya kusikilizia ilikuwepo, ila bei yake haikuwa ya mtu wa mpunga. Ndipo mpole wangu akajikaza akauliza, "Na hizi za kufunika, nesi, haziwezi kuchomekwa kwenye simu?" Nesi akasema zinaweza, akipata nzuri.

Akipata nzuri. Hapo ndipo kazi ilipokuwa.

Nilimpeleka mwenyewe kwa Aziz, Mrangi wa Kondoa mwenye duka la vifaa vya simu karibu na stendi. Aziz ni mtani wangu na ni mjuaji, lakini ujuaji wake mara nyingi una ukweli. Alimpanga Yudita mbele ya kabati kama mwanafunzi.

"Mama, sikiliza. Hizi ndogo za kuchomeka sahau, nesi keshakukataza. Katika hizi kubwa, kwanza angalia sponji. Izunguke sikio lote. Ikilikalia sikio juu, itamuumiza mzee na sauti itavuja. Pili huu ukanda wa kichwani. Uvute hivi. Ukirudi wenyewe, sawa. Ukilia kwa-kwa-kwa, achana nao. Halafu waya. Huku muziki unaimba, uchezeshe hapa kwenye shingo ya pini. Sauti ikikatika hata mara moja, rudisha. Na usidanganywe na mng'ao wala jina lililoandikwa. Jina hata mimi naweza kuliandika."

"Na atakuwa anaongelea wapi?" Yudita akauliza.

"Ataongelea kwenye simu, kama kawaida. Aisogeze tu mdomoni."

Yudita aliyashika yote. Alikuwa akinyoosha vidole chini chini, huku midomo yake ikitamka: sponji, ukanda, waya. Alijaribisha ya kwanza, ya pili, mpaka akaipata iliyomridhisha. Kisha akauliza bei, akairudisha kabatini polepole, kwa mikono miwili.

"Punguza, Aziz," nikasema.

"Mama Amri, nikipunguza hapo nitakula pini za simu. Mpeleke Nakonde. Mzigo unashukia bandarini kwetu, unapita hapa hapa mbele ya duka langu unakwenda Zambia, na huko unauzwa bei ya chini kuliko hapa. Usiniulize kwa nini. Mimi nimeshaacha kujiuliza."

Nakonde ni ng'ambo ya pili ya mpaka. Ukisimama kwangu juu ya ndoo unaiona. Ningempeleka siku ile ile, lakini simu ikanikuta kwamba binti yangu Mariam ameshikwa na uchungu Mbeya. Nikafunga kanga, nikapanda gari. Nilimwachia Yudita maagizo. Nikamwambia asikubali bei ya kwanza, asiwe mpole, na akiona mtu anamchekea sana aondoke. Akaniitikia, "Sawa, dada," na nikajua yote yatapotea akifika kona ya kwanza.

Yaliyofuata alinisimulia mwenyewe niliporudi.

Alivuka asubuhi, akazunguka maduka ya Nakonde mpaka jua likapanda. Mwisho akaingia kwa mtu mmoja aitwaye Kefa, mwenye duka jipya, ndio kwanza amehamia kutoka huko Copperbelt. Wafanyabiashara wengi wa Nakonde Kiswahili wanakijua kama sisi. Huyu alikuwa bado. Kibemba chake kilikuwa kingi, Kiingereza kidogo, na Kiswahili cha kuokoteza njiani. Yudita naye Kisukuma anacho, Kiswahili anacho, lakini Kibemba kwake ni kelele tu za watu wa sokoni.

Hela aliyokuwa nayo ilitosha hedifoni moja. Kefa akamwekea mbili mezani, na bei zake zilipishana kidogo sana.

Ya kwanza ilikuwa nyeusi, nzito, haina urembo wowote. Sponji nene, waya mnene, ukanda una chuma ndani. Ya pili ilikuwa nyeupe, ina duara za rangi ya dhahabu, nyepesi, inakunjika. Yudita aliipima ile nyeusi kama alivyofundishwa. Sponji ilizunguka sikio. Ukanda ulirudi. Waya aliuchezesha huku redio ya Kefa inaimba, sauti haikukatika. Akaipima na nyeupe. Nayo sauti haikukatika, ingawa ukanda wake ulikuwa kama unataka kulia. Mikono yake ilikuwa imeshachagua nyeusi. Aliniapia hivyo. "Mikono yangu ilikuwa inaitaka ile nyeusi, dada."

Akamuuliza mwenye duka, maana mtu mpole hawezi kununua kitu bila kumuuliza mwenyewe, "Kaka, ipi nzuri?"

Kefa akaiinua ile nyeusi, akaigonga gonga kwenye meza, akasema kwa furaha, "Mama, ichi chakosa."

Yudita akashtuka. "Chakosa?"

"Chakosa sana!"

"Chakosa nini, kaka?"

"Sana, sana! Chakosa!" Na akaigonga tena mezani.

"Na hii nyeupe?"

Kefa akaitazama ile nyeupe, akakunja mdomo kidogo. "Ichi chayemba fye."

Yudita hakuelewa neno, lakini hakusikia kukosa humo ndani. Akamshukuru yule mtu kwa moyo wote. Alimwambia, "Mungu akubariki kaka, wewe ni mkweli, wengine wangenificha." Kefa naye hakuelewa, akaitikia amina. Yudita akalipa, akachukua nyeupe, akavuka mpaka huku ameikumbatia.

Jumapili mzee aliogeshwa, akavalishwa koti lake la kanisani, akaketishwa kwenye kiti changu cha barazani. Yudita akamvalisha zile hedifoni nyeupe, akachomeka pini, akamwekea simu mkononi. Wapangaji wote walisimama mlangoni. Simu ilipoita, Yudita akabonyeza.

Mzee akainua kichwa. "Nimesikia," akasema. "Ameniita. Amesema baba."

Kisha akangoja. Akaendelea kungoja. Alikuwa ameinama mbele kidogo, anatazama chini, anangoja kwa heshima kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kujikusanya. Yudita akiangalia simu anaona dakika zinahesabu. Akadhani kaka yake anaongea na baba yake anasikia, akaona vibaya kuwaingilia. Akafumba macho, akaomba.

Mwishowe mzee akasema kwa uchungu, "Mbona amenyamaza? Ameita baba halafu akanyamaza. Bado ana kiburi."

Ndipo Yudita akauvuta waya, akaona pini yote imelegea kwenye shingo yake, waya umekatikia ndani. Akaichomoa, akaweka simu sikioni mwake. Ngusa alikuwa bado anaongea. Alikuwa anakohoa na kuongea, anakohoa na kuongea, na alikuwa amefika mwisho. "Hayo ndiyo yote, baba," alikuwa anasema. "Sijakuficha kitu. Umenisikia?"

Yudita hakumdanganya. "Kaka, ni mimi. Waya umekatika. Baba amesikia neno moja tu."

Ngusa akavuta pumzi, akasema, "Yudita, pumzi yangu yote nimeimalizia hapo. Leo siwezi kurudia. Jumapili ijayo, Mungu akipenda."

Nilirudi siku iliyofuata, nimebeba salamu za mjukuu, nikamkuta amekaa chini uani, zile hedifoni mapajani, anajaribu kuunga waya kwa gundi ya viatu.

"Nani kakuuzia takataka hii?"

"Usimlaumu, dada. Yule mtu ni mkweli. Ile nyingine alinionya mwenyewe kwamba ina kasoro. Alisema hiki chakosa. Tena chakosa sana."

Mimi nimeuza vitenge mpaka huu tangu Amri ananyonya. Kibemba nimekilia ugali.

"Alisema nini tena?"

"Chakosa."

"Na hii nyeupe?"

"Cha... chayemba fye."

Nikakaa chini pale pale kwenye mavumbi, na kanga yangu mpya.

"Yudita," nikamwambia, na kwa mara ya kwanza sauti yangu ilitoka ndogo. "Kwa Kibemba chakosa maana yake kimekomaa. Ni kigumu, ni imara, hakivunjiki. Alikuwa anakuambia chukua hiki. Na hii nyeupe alikuambia inapendeza tu, basi."

Alinitazama. Nilitaka alie, au anitukane mimi, au amtukane Kefa, au autukane mpaka uliotenganisha watu halafu ukawaachia neno moja lenye maana mbili. Yeye akazikunja zile hedifoni, akazifunga kwenye kipande cha kanga, akasema, "Basi mikono ilikuwa inajua."

Tulivuka wote wawili. Nilimvamia Kefa na Kibemba chote nilichonacho, na kingine nilitunga papo hapo. Alipoelewa kilichotokea alicheka kwanza, maana kwa kweli kinachekesha. Nilipomweleza habari ya mzee na ya mgonjwa wa Kitwe, kicheko kikamkauka mdomoni. Kitwe ni kwao. Aliitoa ile nyeusi kabatini, akaifuta vumbi kwa shati lake, akampa Yudita, na nyeupe akaitupa chini ya meza. Hakutaka nyongeza. Yudita akamshukuru tena kwa maneno yale yale ya mara ya kwanza, Mungu akubariki kaka, wewe ni mkweli. Nilitamani kumfinya.

Ile nyeusi ilikuwa kitu kingine. Tuliichomeka kwenye redio, na mzee akasikia. Akasikia habari, akasikia bei za mazao, akasikia mchungaji anakemea ulevi, akatuhubiria na sisi. Wiki nzima alikuwa anashinda nayo kichwani barazani, na watu wa mtaa wakawa wanapita makusudi kumwangalia babu mwenye hedifoni kama mpiga disko. Mimi nilimtania kwa mikono, nikicheza mbele yake, naye alicheka mpaka koti likamvuka bega. Sponji haikumuumiza. Waya Yudita aliuchezesha kila asubuhi kwenye shingo ya pini, na haukukatika hata mara moja.

Siku zile nilimwona Yudita akipumzika. Alikaa kwenye ngazi na kikombe cha chai, hafanyi lolote. Nikamuuliza sukari niongeze? Akasema, "Kijiko kimoja, dada." Nikamtazama mara mbili.

Jumapili ikafika. Mzee alikaa barazani mapema, koti limefungwa vifungo vyote, hedifoni masikioni, simu mkononi. Alikuwa amelifanyia mazoezi jibu lake; nilikuwa nimemsikia analinong'ona kuanzia alfajiri bila kujua kwamba ananong'ona kwa sauti ya juu. Saa za kuona wagonjwa huko Kitwe zikaanza. Zikaisha. Simu haikuita.

"Huenda chaji imemwishia," Yudita akasema.

"Huenda," nikasema.

Kanisa lililo jirani likatoka, watu wakapita, wakasalimia, wakaondoka. Kivuli cha paa kikatambaa mpaka miguuni kwa mzee. Hakuvua hedifoni. Kila baada ya muda alikuwa anaipandisha simu, anaitazama, anairudisha gotini.

Sisi hatukujua. Ngusa alikuwa ameshafariki na ameshazikwa, Ijumaa, na watu wa hospitali pamoja na wachimbaji wenzake, katika makaburi ya huko huko. Habari ilikuja kutufikia katikati ya wiki iliyofuata kwa mdomo wa dereva wa lori. Jumapili ile Yudita alikuwa na wasiwasi tu, wasiwasi ule wa kumtazama mtu mwingine usoni ukitaka akuambie kwamba unajisumbua bure. Alinitazama hivyo. Mimi nikajifanya napepeta mchele.

Mzee akasema, "Yudita, tumpigie sisi."

Yudita akachukua simu, akaitafuta namba ya kaka yake, akabonyeza, akamrudishia baba yake mkononi. Tukamtazama mzee usoni, maana hapo hakukuwa na mahali pengine pa kutazama. Mara uso wote ukafunguka.

"Kuna mwanamke," akasema. "Amepokea mwanamke. Namsikia! Namsikia vizuri kabisa!"

Mimi nilijua papo hapo. Ukipiga namba ya Zambia ambayo simu yake imezimwa, mashine ya mtandao inakujibu kwa sauti ya mwanamke, Kiingereza laini, kwamba namba unayopiga haipatikani, tafadhali jaribu tena baadaye. Inasema, inanyamaza, inarudia. Yudita naye alijua. Aliwahi kukutana nayo mara nyingi. Mkono wake ulinyooka kuelekea kwenye simu, ukasimama njiani.

"Hujambo, mama," mzee alikuwa anaiambia simu, ameishika kwa mikono miwili karibu na mdomo kama alivyofundishwa. "Wewe ni mke wa Ngusa? Hakutuambia kama ameoa. Sauti yako nzuri. Mimi ni Makoye, baba yake. Sisikii Kizungu, lakini nakusikia. Usimwamshe kama amelala. Mwambie baba yake amemsikia. Mwambie zile ng'ombe sizidai, zilishakwisha, hata hizo nyingine zilikufa tu na ugonjwa. Mwambie lile neno nililolisema uwanjani nimelifuta. Aje nyumbani. Na wewe uje, mama."

Akanyamaza kumpa nafasi. Yule mwanamke akasema yake tena, taratibu, kwa adabu, na mzee akamsikiliza mpaka mwisho, anaitikia kwa kichwa. Halafu simu ikakata yenyewe.

Akatugeukia. Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuwa na habari nayo.

"Amesema nini? Nimesikia kila kitu, lakini sikuelewa. Mama Amri, wewe unajua Kizungu. Amesema nini?"

Mimi ninayejua kusema na kila mtu, mimi ninayegombana na maaskari wa mpakani mpaka wananipisha, niliuvuta ungo nikaanza kupepeta tena.

Yudita akapiga magoti mbele ya kiti. Akaunyanyua upande mmoja wa ile hedifoni, akasogeza mdomo sikioni kwa baba yake, akasema kwa sauti kubwa kuliko nilivyowahi kumsikia:

"Amesema atamwambia, baba."

Mzee akashusha pumzi. "Basi vizuri," akasema. "Akiamka atapiga." Akairudisha sponji, akaiweka vizuri ikalizunguka sikio lote, akakaa kusubiri.